Nikaha na Kibali

Ndugu mmoja wa Ngazija aliyeoa Sindo, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, ametuuliza iwapo nikaha yamtosha kufungua duka la omena. Haimtoshi. Pasi ya mtegemezi humruhusu kukaa na mkewe, si kuchuma. Kibali cha biashara, daraja la G, chadai mtaji wa dola 100,000. Duka la omena lafika wapi hapo?

Ndoa ikitimiza miaka 3 aweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ikifika 7, uraia, kwa Katiba ya 2010. Lakini miaka hiyo huthibitishwa kwa cheti, na hapo ndipo tunapokosea sisi masheikh: twasoma khutba, twala pilau, twaondoka. Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka nikaha isajiliwe. Ndugu yetu ana mashahidi wawili, karatasi hana. Aanze kwa msajili, kabla hajanunua mizani.