Hadithi kama Utetezi: Shaaban Robert na Maisha Mema

Tukiuliza hadithi ina kazi gani, Shaaban Robert (1909–1962) anatujibu kwa kutunga. Katika Kusadikika (1951), Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Utetezi wake ni masimulizi: anaeleza mbele ya mfalme na baraza habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta maarifa nchi za nje, wakarudi nayo, wakalipwa kifungo. Hadithi zinapokwisha, walioonewa wanafunguliwa.

Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968, inauliza swali la pili: mtu aishije? Utubora anaacha ukarani, anashika jembe, na utu wake haupungui.

Leo simu hutuletea kwa dakika moja habari ambazo wajumbe wale walizisafiria. Hata hivyo, chombo hupeleka maneno tu. Kuyapima ni kazi ya msomaji. Baraza la Kusadikika halikukosa habari, lilikosa usikivu. Kwa hiyo, tuwafundishapo vijana kusoma, hatuna budi kuwafundisha pia kusikiliza hadi mwisho kabla ya kuhukumu.