Moto wa Subira Kapsoit: Paa Hayupo, Mapishi Yake Yapo

Sisi watu wa pwani tuna maradhi ya kudhani kwamba mapishi yalizaliwa kwetu, na kwamba huko bara watu hula ili washibe tu. Mwenye dhana hiyo na apande gari hadi Kericho, kisha ateremke na njia ya Kisumu mpaka Kapsoit, pale inapochepuka barabara ya kwenda Sondu. Huko nilikula nyama iliyokaa motoni saa nne, na meno yangu ya uzeeni hayakupata taabu hata kidogo.

Jiko lenyewe lilikuwa nusu pipa lililofungwa mguu na kutiwa kifuniko. Nchi ya majani chai mvua yake haina miadi. Alasiri jua linawaka, mara ngurumo. Jiko la wazi huko ni kazi bure. Lakini kifuniko hakizuii mvua tu, bali ndicho kinachopika. Makaa hupangwa pembeni, nyama ikawekwa katikati pasipo na kaa chini yake, na bakuli la maji likatiwa hapo kati. Moto hauigusi nyama. Ni joto linalozunguka ndani. Kila baada ya saa moja mpishi huongeza vipande vichache vya makaa. Tundu la chini huingiza hewa, la juu hutoa moshi. Ukiyaziba kidogo, moto hutulia.

Jiko la namna hii lenye umbo la duara lina kisa cha baharini. Mwaka 1952, George Stephen, fundi wa kiwanda cha vyuma karibu na Chicago, alichoshwa na upepo uliomharibia nyama yake. Kiwanda chao kilikuwa kikitengeneza maboya. Akakata boya vipande viwili, nusu ikawa jiko na nusu kifuniko. Hivyo Mmarekani alilipata jiko lake kutoka kwa boya, chombo ambacho kila mvuvi wa Lamu anakijua.

Na siri yenyewe bibi zetu walikuwa nayo kabla yake. Wali wa kupalia ni nini, kama si chungu kilichofunikwa kikawekwa makaa juu na chini? Jamaa zetu wa Oman nao huifukia nyama ya shuwaa shimoni siku nzima, au hata mbili, na Idi inapofika huichambua kwa vidole. Ni elimu moja, vyombo ndivyo mbalimbali.

Wenyeji waliniambia kwamba mapishi haya yanaifaa zaidi nyama ya mawindo. Waama ni kweli. Paa na swala ni wanyama wa mbio. Nyama yao haina mafuta, na ukiichoma kwa moto mkali hukauka ikawa kama ngozi ya kiatu. Ikipikwa polepole, mishipa migumu huyeyuka na nyama ikalegea. Waokiek wa msitu wa Mau, majirani wa Wakipsigis, waliishi kwa mawindo na asali miaka na miaka.

Lakini paa hakuwamo katika jiko lile, wala hakupaswa kuwamo. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 ikaongeza makali. Jirani zetu Tanzania waliruhusu mabucha ya nyamapori mwaka 2020, kwa leseni. Huko kuna ruhusa yenye masharti. Huku ni jela.

Kijana mmoja barazani akasema kwamba porini nyama haijakwisha, na kwamba kwa Mwislamu mawindo ni halali. Ni neno linalosemwa hata kwetu, vichakani nyuma ya Malindi na Kilifi, basi nilijibu. Naam, mawindo ni halali: Suratul Maida, aya ya 4, imeeleza habari ya wanyama waliofunzwa kuwinda na kutajwa jina la Mwenyezi Mungu, na mawindo yakikutwa bado hai, huchinjwa. Lakini sura hiyo hiyo, aya ya 95, inamkataza aliye katika ihramu kuua mawindo, na akiua hutozwa fidia. Basi kuzuiliwa kilicho halali kwa wakati wake na kwa mahali pake si jambo geni kwa Mwislamu. Na nyama iliyofichwa gizani, ikauzwa kwa jina la mbuzi, nani atakuapia kwamba ilichinjwa?

Mwenyeji wangu si Mwislamu, lakini tangu jana yake alikuwa amemwita Mwislamu kutoka Kericho mjini aje kumchinja mbuzi. Hakunieleza, niliambiwa na wanawe. Heshima namna hiyo haipatikani sokoni.

Mbuzi yule alikuwa mzee, mwembamba, mpandaji milima, na kwa hiyo nyama yake ilikaribia ya paa kwa ugumu na kwa ukosefu wa mafuta. Paja lake lilipakwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, likalala usiku kucha. Lilipotolewa motoni liliachwa nusu saa kabla ya kukatwa, ili maji yake yasimwagike. Tulilila kwa ugali na mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet.

Mwenye kutamani nyama ya paa na atafute mbuzi mzee, jiko lenye kifuniko na saa nne za subira. Atakipata alichokitaka, na atalala bila ya kuogopa hodi ya askari wala hesabu ya kesho. Paa naye atabaki porini kwa wajukuu wetu, wamwone kwa macho yao.