KUNUNUA NGALAWA ILIYOKWISHATUMIKA

Wavuvi wanaonunua ngalawa zilizokwishatumika kutoka pwani ya Tanga wanakumbushwa kuzikagua kabla ya kulipa, kwani rangi mpya huweza kuficha ubovu. Ngalawa nyingi huchongwa kwa gogo la mwembe, mti uchongekao kwa urahisi lakini uozao upesi. Hivyo, mnunuzi aipindue na kuichoma kwa ncha ya kisu. Panapozama kirahisi pameoza. Kisha atie maji ndani, aone panapovuja. Ufa huzibwa kwa kalafati. Mti uliooza hauzibiki. Matengo na kamba zake yakaguliwe pia, kwani ndiyo yazuiayo chombo kupinduka. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Aidha, leseni ya uvuvi ipatikane kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar, Namba 7 ya mwaka 2010.