Je, Wajua? Kuvu aliyewanyima usingizi wenye kimea

Hamira haili wanga, inakula sukari. Ndiyo maana mpika pombe huotesha nafaka kwanza: kimea hutoa vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari. Wajapani hawahangaiki na kuotesha. Hupanda kuvu wa koji, *Aspergillus oryzae*, juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke. Punje zikivaa utando mweupe kama pamba, vimeng'enya viko tayari.

Mwaka 1890 mkemia Jokichi Takamine alihamia Marekani na mbinu hiyo, akaijaribu kwenye wiski mjini Peoria, Illinois. Badala ya mchele alitumia pumba za ngano, za bei chee. Wenye biashara ya kimea walimpinga (nani asingepinga?), kisha kiwanda chake kikaungua. Mwaka 1894 alipata hataza ya kimeng'enya chake, Taka-Diastase, ambacho kiliishia kuuzwa kama dawa ya tumbo.

Watengeneza bia hawakumsahau kuvu. Nigeria ilipozuia kimea cha shayiri kutoka nje mwaka 1988, viwanda viligeukia mtama, na vingine vikaupika bila kuuotesha, vikitegemea vimeng'enya vya kiwandani, vya kuvu vikiwemo.