PICHA NZURI ISIYOFIKA HAIMFAI MWANANCHI

Zanzibar ilipoanzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, mnara mmoja ulirusha mawimbi, na kila mwenye chombo alipokea picha ile ile kwa wakati ule ule. Watazamaji wakiwa kumi au elfu kumi, mnara haukuelemewa. Leo mwananchi wa Kojani au Tumbatu anayefungua simu yake ya mkononi kufuatilia mjadala wa Baraza la Wawakilishi hapokei kwa namna hiyo. Kila mtazamaji wa intaneti huletewa nakala yake peke yake. Watu mia wakitazama kupitia mnara mmoja wa simu, aghalabu mnara huo hubeba nakala mia, na njia ikisongamana picha hukwama.

Jambo hili si dogo, wala si la starehe. Waziri anaweza kusema kwamba ada mpya haitatozwa, isipokuwa kwa vyombo vya biashara. Matangazo yakikatika kabla ya lile neno "isipokuwa", msikilizaji ataipeleka barazani nusu ya habari, na nusu iliyosalia itajazwa na uvumi. Hapo Serikali itakuwa imesema na wananchi hawakusikia. Lawama zitakazofuata zitakuwa za bure kwa pande zote mbili.

Wako wanaosema tungoje mtandao uwe madhubuti kwanza. Sisi hatukubaliani nao. Umeme utakatika, watu watajaa mahali pamoja siku ya shughuli, na hata mikongo ya chini ya bahari haina dhamana. Mnamo tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Nahodha hangoji bahari isiyo na mawimbi. Hukitengeneza chombo chake kiyahimili. Na sisi hatuna budi kuyatengeneza matangazo yetu yaustahimili mtandao tulio nao.

Njia ya kwanza si ngeni; kampuni ya Apple ilitangaza namna yake mwaka 2009, na leo hutumiwa ulimwenguni kote. Matangazo hukatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande hutayarishwa kwa viwango kadhaa, kuanzia picha kubwa iliyo safi hadi picha ndogo iliyo hafifu. Simu ya mtazamaji hupima nguvu ya njia yake na kuagiza kipande inachokimudu. Njia ikidhoofika hushuka kiwango. Ikiimarika hupanda, na matangazo hayasimami. Lakini simu haiwezi kuagiza kisichokuwapo. Mrushaji anayetoa picha kubwa peke yake amekwisha kuwafungia mlango walio mbali na mnara.

Tutazame hesabu. Picha safi ya kawaida huhitaji kiasi cha kilobiti 2,500 kwa sekunde, yaani takriban megabaiti 1,125 kwa saa. Picha ndogo ya kilobiti 300 hutumia megabaiti 135. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64, hutumia karibu megabaiti 29 tu. Kwa mwenye bando dogo, hiyo ndiyo tofauti baina ya kuusikiliza mjadala mzima na kuambulia dakika chache. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kila shughuli ya umma itangazwe pia kwa sauti pekee. Katika mjadala wa bajeti, maneno yana uzito kuliko rangi ya mapazia ya ukumbi.

Njia ya pili ni akiba. Wahenga walisema akiba haiozi, na tena wakasema kawia ufike. Simu ikiweka vipande vya sekunde ishirini au thelathini kabla ya kuvionyesha, mtandao unaweza kupotea kwa sekunde kumi bila mtazamaji kujua. Gharama yake ni kuchelewa kidogo. Katika mpira, kuchelewa huko huudhi, maana jirani hushangilia bao ambalo wewe hujaliona. Katika hotuba hakuna anayedhurika. Mrushaji anayeng'ang'ania upesi usio na haja huitupa akiba hiyo, kisha akaulaumu mtandao.

Njia ya tatu inahusu chanzo. Mtazamaji mmoja akikatikiwa, amekosa mmoja. Mtambo wa kurushia ukikatikiwa, wamekosa wote. Kwa hiyo ukumbi uwe na njia mbili za intaneti zisizotegemea mkongo mmoja wala kampuni moja, na betri ya kushikilia umeme unapozimika. Mtambo uungwe kwa waya, usitegemee simu iliyomo mfukoni mwa ofisa. Kasi ya kurushia ipimwe mapema, na itumike kiasi cha nusu yake ili ibaki nafasi ya dharura. Aidha, shughuli yote irekodiwe pale pale ukumbini, na nakala iwekwe katika seva iliyomo nchini, ili aliyekosa asubuhi aipate jioni hata kama njia ya ng'ambo imekatika.

Haya yote hayadai mabilioni. Yanadai uangalifu, na kubadili mahali tunapopimia kazi yetu. Mara nyingi matangazo husifiwa na walioyatazama ofisini, mjini, kwa mtandao wa kasi. Tunawashauri wakuu wa idara wayapime kwa simu ya bei nafuu, katika kijiji cha mbali, saa ambayo watu wengi wako mtandaoni. Wakisikia hotuba tangu mwanzo hadi mwisho, kazi imefanyika. Wasiposikia, warekebishe kabla ya shughuli inayofuata, na wala wasiiache redio, ambayo hadi leo huwafikia wengi kwa wimbi moja bila kudai bando.

Mwananchi wa kisiwa kidogo ana haki ya kuisikia sentensi nzima ya kiongozi wake. Wanaosimamia matangazo ya umma wanao uwezo wa kumfikishia, na hatuoni udhuru wa kuchelewa kuanza.