Kiapo Bila Jeshi: Funzo la Burundi

Ukivuka mto Ruhwa kutoka Bugarama, wilayani Rusizi nchini Rwanda, unakanyaga Burundi. Mwishoni mwa 1993 Warundi kwa mamia ya maelfu waliikimbia nchi hiyo wakaingia Rwanda, Tanzania na Zaire, ilhali miezi michache kabla yake ilikuwa ikisifiwa kwa kukabidhiana madaraka kwa amani.

Tarehe 1 Juni 1993 Meja Pierre Buyoya, aliyetwaa nchi kwa mapinduzi ya 1987, alishindwa katika uchaguzi na Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU, aliyepata takriban asilimia 65 ya kura. Buyoya akakubali matokeo, na tarehe 10 Julai Ndadaye akala kiapo. Kisheria, hakukuwa na dosari. Ila jeshi lilibaki lilelile, lililoongozwa na maofisa wa Kitutsi, na rais mpya alikuwa Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kushika nafasi hiyo.

Tarehe 21 Oktoba wanajeshi walimuua. Siku hiyohiyo waliuawa Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, na naibu wake, Gilles Bimazubute. Katiba ilimtaka Spika akaimu urais nafasi ikiwa wazi. Basi walimwondoa rais pamoja na wa kumrithi. Vita vilivyofuata kati ya jeshi na waasi vilidumu zaidi ya miaka kumi.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uligusa kidonda chenyewe: hakuna kabila litakalozidi asilimia 50 jeshini. Buyoya, aliyekuwa amerudi kwa mapinduzi ya 1996, aliachia madaraka tena Aprili 2003, mara hii kwa Domitien Ndayizeye, kama ratiba ya mpito ilivyotaka. Waasi wakaunganishwa katika jeshi jipya. Tarehe 26 Agosti 2005 Ndayizeye akamkabidhi madaraka Pierre Nkurunziza wa chama kingine, CNDD-FDD, na kiapo kile hakikufuatiwa na mauaji ya rais.

Muhula wa tatu wa Nkurunziza ulizua jaribio la mapinduzi mwaka 2015. Alipofariki Juni 2020, Mahakama ya Katiba iliagiza rais mteule, Évariste Ndayishimiye, aapishwe mapema. Akaapishwa tarehe 18. Hata hivyo, Nkurunziza na Ndayishimiye ni wa chama kimoja, na kupokezana ndani ya chama ni mtihani mwepesi.

Kwa hiyo, msomaji, uchaguzi unapokaribia usiishie kuuliza nani atashinda. Uliza pia jeshi litamtii nani baada ya kiapo.