Vitabu vya Noeli

Katumba Songwe ni kata ya wilaya ya Kyela, katika uwanda ulio kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Ufikapo mwezi wa Desemba mvua huwa imekwisha kuanza. Watu hushughulika na mashamba ya mpunga, na njia hujaa matope. Lakini siku ya Noeli, ndiyo Krismasi, kazi husimama. Watu huvaa nguo safi, huenda kanisani, kisha hula wali pamoja. Watoto nao hungoja zawadi: huyu atamani shati, yule mpira. Iko zawadi nyingine isiyochakaa upesi kama shati, ambayo tena haimfai mtu mmoja peke yake. Nayo ni hadithi njema isomwayo kitabuni.

Kitabu cha kwanza cha Noeli ni Injili ya Luka. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe, na wenzao wa Misheni ya Berlin wakafika nchi ya Wanyakyusa mwaka ule ule. Siku zile waliojua kusoma walikuwa wachache, na vitabu vilikuwa haba. Basi mmoja alisoma kwa sauti, na wengine wakasikiliza. Luka aeleza kwamba Yesu alizaliwa safarini, akalazwa katika hori la kulishia wanyama, kwa kuwa wazazi wake hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Tena walioletewa habari kwanza hawakuwa wafalme, bali wachungaji waliokesha nje usiku wakilinda kundi. Wanyakyusa ni wafugaji wa ng'ombe tangu zamani, kwa hiyo habari ya zizi na hori haikuwa ngeni kwao. Fundisho lake ni hili: maskini asidharauliwe, wala mgeni asifungiwe mlango.

Kitabu cha pili kilitungwa na Mwingereza, Charles Dickens, mwaka 1843, nacho chaitwa A Christmas Carol. Chasimulia habari za Scrooge, mzee tajiri na bakhili, ambaye karani wake hufanya kazi katika baridi kwa mshahara mdogo. Karani huyo ana mtoto kilema, mgonjwa. Usiku wa kuamkia Noeli Scrooge atokewa na roho tatu, zikamwonyesha mambo yaliyopita, yaliyopo na yatakayokuja. Aona kwamba mtoto yule atakufa asiposaidiwa, na kwamba yeye mwenyewe atakufa bila mtu wa kumlilia. Asubuhi aamka amegeuka: apeleka chakula nyumbani kwa karani, kisha amwongezea mshahara. Dickens aliijua shida aliyoiandika. Mwaka 1824, alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa kwa ajili ya madeni, na mtoto alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu. Nakala 6,000 za kwanza za kitabu chake zilinunuliwa zote kabla ya Noeli. Fundisho lake ni kwamba mali isiyomsaidia mtu humfunga mwenyewe kama mnyororo.

Hadithi ya tatu ni ya Mfaransa, mchungaji wa kanisa aitwaye Ruben Saillens. Fundi wa viatu, mzee Martin, aamini kwamba Bwana atamjia nyumbani kwake siku ya Noeli. Akaa dirishani akingoja. Amwona mfagiaji wa njia atetemekaye kwa baridi, amkaribisha apate moto. Amwona mwanamke maskini mwenye mtoto, awasaidia. Jioni yafika, naye ahuzunika kwa kuwa Bwana hakuja. Ndipo aelewapo kwamba Bwana alikuja katika wale aliowasaidia. Mwandishi mkuu wa Urusi, Leo Tolstoy, aliikuta hadithi hiyo bila jina la mtungaji, akaiandika upya kwa Kirusi mwaka 1885. Baadaye alipomjua mwenye hadithi, alimwandikia barua kumwomba radhi. Kushirikiana hadithi ni jambo jema, lakini heshima ya mtungaji haifai kusahauliwa.

Hadithi hizi tatu zatoka nchi mbalimbali, lakini neno lao ni moja: kipawa cha kweli hupewa mtu asiyeweza kulipa. Kwa hiyo kuzisoma tu hakutoshi. Mwanafunzi amchekaye Scrooge, kisha akamnyima mwenziwe mwenye njaa, amesoma herufi wala hakusoma kitabu.

Kazi ya kwanza ya msomaji i karibu naye. Nyumba nyingi zina bibi au babu ambaye hakupata shule. Mjukuu ajuaye kusoma na amsomee polepole, na mahali penye Kiswahili kigumu amweleze kwa Kinyakyusa. Tena asikilize naye, kwa kuwa wazee huwa na hadithi zao zisizoandikwa bado. Na aazimaye kitabu akifunike vizuri kisilowe mvua, akakirudishe siku aliyoahidi; maana akikichelewesha, yuko mtoto mwingine atakayekaa sikukuu nzima bila kitu cha kusoma.

Wamoraviani wana desturi ya kuwapa watoto mishumaa iliyowashwa siku za Noeli. Ilianza Marienborn, nchi ya Ujerumani, mwaka 1747. Mshumaa uwashao mwingine haupungui mwanga wake. Bali nyumba yote huzidi kung'aa. Ndivyo kilivyo kitabu asomewacho jirani. Aliyesoma hakupoteza neno hata moja, na aliyesikiliza amekwenda nalo nyumbani.